Mwalimu wa Zamani na Sasa

Ukifika kwetu, pande hizi za Kebirigo, usiulize jina la mwalimu wa chekechea. Utatazamwa kama mtu aliyeuliza jina la mvua. Walimu wengine wa shule ile wana majina. Mkuu wa shule ana jina na cheo, na mpishi wa uji ana majina mawili na la utani juu yake. Huyu ni Mwalimu tu. Ukisema hivyo peke yake, watu wanajua unamsema yule mama mfupi wa sweta nyekundu, aliyefundisha kijiji kizima kuvaa kiatu cha kulia kwenye mguu wa kulia. Mambo ya alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitayasema kwa sababu siyajui, na hata ningeyajua angenigombeza kwa kuyasema.

Nianze na sauti, maana ndiyo iliyotangulia kufika kila mahali. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mtu wa kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Mimi nikiwa shambani nachuma majani chai, mbali kabisa na shule, nilisikia somo lote. Nilijifunza upya nyimbo za kuhesabu nikiwa na miaka arobaini na mbili. Na alikuwa na lugha tatu, kila moja na kazi yake. Ekegusii ilikuwa ya kufundishia na kubembeleza. Kiswahili kilikuwa cha kugombeza wazazi. Kiingereza alikiweka kama vikombe vya kabatini: kinatoka mkaguzi akija, na mkaguzi akiondoka kinarudishwa.

Watoto wa miaka minne aliwaita wazee. "Mzee, mbona kamasi?" "Mama, kaa vizuri, wageni wanakuona." Sisi wazazi, tena wenye mvi, alituita watoto. Siku ya mkutano alitukalisha kwenye vile viti vyake vidogo vya mbao, magoti yakagusa masikio, na ukijaribu kusimama unainuka na kiti. Nilimwona mwenyekiti wa wazazi, mwanaume mnene wa kuheshimika, akitoa hotuba yake yote kiti kikiwa kimemng'ang'ania nyuma, na Mwalimu anamwambia kwa upole, "Endelea, baba, hakuna anayekuona." Tulikuwa tunamwona sote.

Basi utadhani mtu kama huyo haogopi kitu. Aliwahi kumtoa nyoka darasani kwa ufagio huku anaimba ili watoto wasishtuke. Lakini kuku! Alikuwa anaogopa kuku. Si jogoo mkali tu, kuku yeyote, hata kifaranga. Sasa wewe niambie, huku kwetu ukitaka kumshukuru mwalimu unampelekea nini? Kila mwisho wa mwaka wazazi walifika na kuku kwapani, na Mwalimu anapanda juu ya meza na kushukuru akiwa huko: "Asante sana, Mungu akubariki, mpeleke kwa mpishi, mfunge vizuri, umefunga? Umefunga kweli?" Mpishi yule alinenepa kwa shukrani zetu.

Na yeye aliyetaka kujua kila mtoto amekua kiasi gani, umri wake mwenyewe hakuna aliyeupata. Watoto walimwuliza kila mwaka, naye aliwajibu, "Niko na miaka kadhaa." Wakalishika hilo. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuja kulalamika kwamba watoto wanaotoka chekechea wakifika kumi katika kuhesabu wanasema "kumi, kadhaa, kumi na mbili." Mwalimu akamwambia arekebishe mwenyewe, kazi yake si hiyo?

Sasa nifike kwenye kupima.

Mwaka ulipoanza alimsimamisha kila mtoto ukutani, akavuta kamba ya mgomba uliokauka kutoka kisiginoni mpaka utosini, akaikata hapo, akaifunga kikaratasi chenye jina na kuitundika kwenye msumari. Mwaka ukiisha anampima tena kwa kamba mpya, anaziweka mbili sambamba, na kile kilichozidi anakikata na kumpa mtoto mkononi. "Hiki ndicho umekua, mzee. Nenda ukaonyeshe nyumbani." Ungeona watoto wanavyokimbia barabarani wameshika kamba za urefu wa vidole vitatu, vinne, wanaonyesha kila mtu, hata watu wa bodaboda. Ukiingia kwenye nyumba nyingi za hapa, utakuta vipande hivyo vimefungwa juu ya mlango.

Lakini mwaka mmoja kulikuwa na Nyaboke wawili, mmoja mrefu, mwingine mfupi, na Mwalimu aliandika Nyaboke kwenye karatasi zote mbili akiamini atakumbuka ipi ni ya nani. Hakukumbuka. Mwisho wa mwaka Nyaboke mrefu alipewa kamba ya urefu wa mkono mzima. Nyaboke mfupi hakupewa kitu, kwa sababu kamba yake ya Januari ilikuwa inamzidi. Mtoto alienda nyumbani akalia kwamba amepungua. Siku iliyofuata mama yake alifika shuleni kabla ya kengele, amejifunga leso kiunoni. "Mwalimu, mimi nilileta mtoto mrefu. Huo uji wenu una nini?" Walimpima msichana yule kwa ukuta, kwa mlango, kwa fimbo ya mkuu wa shule. Mwishowe Mwalimu mwenyewe ndiye aliyegundua kosa, akacheka mpaka akakaa chini, na jioni alipanda mlima mpaka kwa mama huyo kumpelekea Nyaboke kipande chake halali. Alikaribishwa ndani. Kuku walitolewa kwanza.

Mwezi wa mwisho wa mwaka wa shule ulikuwa wa somo alilolipenda kuliko yote, Zamani na Sasa. Kila mtoto aulize nyumbani: nilizaliwa wapi, nani alikuwepo, nilikuwa nalilia nini, nilichelewa kufanya nini. Alete na kitu alichokitumia akiwa mchanga. Halafu siku ya kufunga shule anasimama mbele ya wenzake anasema, "Zamani nilikuwa hivi, sasa niko hivi, nimekua." Hilo neno la mwisho lilikuwa la lazima, na wenzake walimpigia makofi matatu.

Cheti cha kuzaliwa alikuwa hataki kukiona. "Cheti kinajua tarehe tu," alikuwa anasema. "Mimi niletee mtu anayekumbuka ulivyokuwa unalia." Vitu vya utotoni navyo vilikuwa na shida yake, kwa sababu nguo ya mtoto mchanga huku kwetu haina mwenyewe. Inapita nyumba hadi nyumba mpaka inakuwa tambara la meza. Sweta moja ya kijani ililetwa na watoto watatu siku moja, wazazi wanapitishiana dirishani. Mwalimu aliinyanyua juu akasema, "Hii imelea watoto wengi kuliko mimi. Iwekeni hapa mbele ifundishe."

Tulicheka sote. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya nyumba yangu, na mimi sikucheka.

Kwa sababu Kwamboka, mtoto aliyekuwa ananiita Mama, sikumzaa mimi. Alizaliwa na binti yangu wa kwanza, Moraa. Moraa alimpata akiwa kidato cha pili, nami nikaapa kwamba huyu msichana atarudi shule atake asitake. Nikamchukua mtoto akiwa na miezi mitano, nikamfunga mgongoni, nikawa mama yake, basi. Moraa alimaliza shule, akapata kazi Mombasa, na akija Desemba Kwamboka alimwita dada. Neno Mama lilikuwa langu, na niseme ukweli wa Mungu, niliogopa kulipoteza kuliko nilivyoogopa dhambi. Nilijua atajua siku moja. Nilitaka tu iwe baadaye, mimi nikiwa tayari. Kwa hesabu yangu ningekuwa tayari akifika miaka thelathini.

Sasa mtoto wa miaka mitano anarudi nyumbani na maswali ya Mwalimu.

"Mama, nilizaliwa wapi?"

"Hospitali."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo." Hapo sikudanganya. Nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyeshika beseni.

"Na Dada Moraa?"

"Alikuwepo pia."

"Alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia aende haraka aangalie kama mbuzi amefunguka. Hatuna mbuzi.

Asubuhi yake nilikuwa shuleni.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire, Mama Moraa. Kaa."

Nikakaa kwenye kile kiti. Nikamwambia naomba Kwamboka asisimame siku hiyo. Aseme ana kikohozi. Au aseme habari za meno tu.

"Kwa nini?"

"Kuna siri ya nyumbani, Mwalimu."

Nikaangalia mlangoni, nikashusha sauti, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Moraa unampigia simu ukiwa wapi?"

Hapa lazima nieleze. Kwangu ni bondeni na simu haishiki mtandao. Ukitaka kuongea unapanda mpaka kituo cha kuuzia majani chai, unasimama juu ya jiwe kubwa lililoko pale, na hata hapo lazima upige kelele. Kila Jumatano nilipeleka majani yangu, nikapanda jiwe, nikampa Moraa habari. "Moraa! Mtoto wako ametoa jino! Nini? Jino! Mtoto wako! Amekufanana hata miguu!" Kwamboka naye yuko chini ya jiwe, ananishikia kikapu. Mimi nilidhani anacheza.

"Mama Moraa," Mwalimu akasema, "hiyo siri yako hata karani wa kupima majani anajua jino la kwanza lilitoka lini. Watu wanawahi foleni Jumatano ili wasikie mtoto ameendelea vipi. Anayedhani ni siri ni wewe peke yako."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka, na mimi nikiona aibu nakuwa mkali. Nikamwambia yeye kazi yake ni a, e, i, o, u, si kuingilia boma za watu. Nikainuka niondoke kwa hasira, na kiti kikainuka na mimi. Ni vigumu sana kumgombeza mtu ukiwa umevaa kiti.

"Sitamlazimisha kusema," aliniambia huku anakivuta kitoke. "Na sitamkataza. Hiyo hadithi ni ya Kwamboka. Wewe uko ndani yake tu."

Niliumia. Nilipomweleza mzee wangu alisema, "Mwache mwalimu afanye kazi yake," akaendelea kula. Hakuona mboga yake ya chinsaga kwenye sahani kwa wiki mbili.

Siku ikafika. Wazazi hatukuruhusiwa ndani, kwa sababu mwaka uliotangulia baba mmoja alisimama katikati ya maneno ya mwanawe kubishana na mkewe mtoto aliacha kukojoa kitandani lini, na mtoto aliyesimama mbele alitamani ardhi impasukie. Tukawekwa nje kwenye baraza. Mimi nikajipenyeza mpaka dirishani, nikabana sikio kwenye kioo. Nilikuwa nimejipanga nisikie kila neno ili nijue nimepoteza nini.

Saa nane kamili, mvua. Mvua ya kwetu haipigi hodi. Iliangukia mabati kwa kishindo, na kuanzia hapo sikusikia hata neno, niliona midomo tu. Kwamboka akasimama na rinda lake la samawati, akakunja mikono nyuma, akatoa tumbo mbele. Midomo ikaenda. Akafunua mdomo kuonyesha pengo. Akaonyesha miguu yake. Halafu akainua kidole kimoja, kisha viwili, akasema kitu.

Kilichofuata kilinikata maini. Mtoto aliyekaa mbele alifunua mdomo akaanza kulia. Wa pili yake akafuata. Kabla sijapumua darasa zima lilikuwa linalia, midomo wazi, machozi mpaka kidevuni, na mimi sisikii chochote ila mabati. Mwalimu alisimama katikati yao ameshika kichwa. Aliyekuwa halii ni Kwamboka peke yake. Alirudi akakaa mahali pake akatulia.

Nikajua yamekwisha. Amewaambia kwamba aliachwa. Amewaambia mama yake alienda akamtupa na huyu anayemlea ni mwongo. Watoto wadogo hawalii wote kwa pamoja kwa jambo dogo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwuliza, "Ulisema nini huko ndani?"

"Nilisema nimekua."

"Na nini kingine?"

"Mama, angalia tope!"

Aliniita Mama. Niliishika hiyo kama chenji ya mwisho. Kesho yake akaniita Mama tena, na kesho kutwa, lakini kila asubuhi nilikuwa nangoja kama leo ndiyo siku atakayoacha. Desemba Moraa alipokuja, mtoto hakumwita dada tena. Nikalala nikiangalia dari.

Kwa Mwalimu nilienda mara ngapi? Nilimpelekea ndizi, nilimpelekea parachichi, nilimshonea kitambaa cha kiti. Alipokea vyote. "Yanayosemwa mle ndani ni ya wenyewe," alinijibu. "Muulize mtoto."

"Mtoto hasemi."

"Basi ngoja akue."

Mwanamke yule, ambaye akimwambia mtoto apenge kamasi mlima wa pili unasikia, aliweza kufunga mdomo juu ya jambo moja miaka tisa mizima! Kuna siku nilimchukia. Tukikutana njiani nilimsalimia kwa kidevu tu, naye ananijibu kwa furaha kabisa, anauliza habari za ng'ombe.

Mwaka huu Kwamboka amemaliza Gredi ya Tisa, akapata shule Mombasa, akaenda kukaa na Moraa. Tulikubaliana vizuri, hakuna aliyenilazimisha. Ni haki yake, na ni haki ya Moraa. Lakini basi lilipoondoka nilirudi nyumbani nikapika ugali wa watu watatu, nikauangalia. Nilijiambia sasa ndiyo lile la siku ya mvua limefika. Amekwenda kwa mama yake. Huko nitakuwa bibi wa kijijini wa kutumiwa salamu Krismasi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Mwalimu sokoni Kebirigo. Amestaafu sasa, na anatembea akiegemea mwavuli. Alikuwa anabishana na muuza viazi vitamu kama vile viazi hivyo vilikuwa wanafunzi wake.

"Mama Moraa! Mbona umekonda hivi?"

"Kwamboka ameenda, Mwalimu."

"Najua. Alipita kwangu kuniaga. Alikunywa chai vikombe viwili." Aliniangalia. "Alinituma kwako, nami miguu hii imenichelewesha."

"Akutume wewe? Si angeniambia mwenyewe?"

"Alisema akikuangalia mtalia wote wawili na basi litamwacha. Alisema, 'Mama anadhani naenda kumwacha. Mwambie nilichosema siku ile ya mvua.'"

Nilitaka kumwambia asiseme, angoje kidogo, sijawa tayari. Lakini Mwalimu alikuwa ameshampa muuza viazi mwavuli amshikie. Pale pale katikati ya soko, mama mzima wa miaka kadhaa, alikunja mikono nyuma, akatoa tumbo mbele, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka mitano.

"Zamani sikuwa na meno, sasa niko nayo na moja limeng'oka. Zamani nilikuwa nabebwa, sasa natembea mpaka shule. Zamani nilikuwa na mama mmoja, sasa niko na wawili. Nimekua."

Nilishika meza ya viazi kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Na wale watoto, Mwalimu? Mbona walilia vile? Niliwaona kwa macho yangu, darasa zima!"

"Si nao walikuwa wanataka!" akasema, na ile sauti yake ya kuita ng'ombe ikarudi, soko zima likageuka. "Kila mmoja anataka mama wawili, anataka leo leo. Sasa mimi ningewatoa wapi?"